Ruhusa Inaishia Wapi?

Mdogo wangu yuko Missoula, katika jimbo la Montana, Marekani, upande wa milima. Aliondoka hapa Nakivale na mke wake na begi moja la nguo. Hapa alikuwa fundi wa bodaboda pale Base Camp. Kule pia ni fundi, ila pikipiki anazotengeneza hazina magurudumu. Mbele zina miguu miwili ya kuteleza kama mitumbwi midogo, nyuma zina mkanda mpana wa mpira wenye meno, na zinapanda mlima juu ya theluji ambayo mtu akiikanyaga anazama hadi kiunoni. Ni pikipiki za theluji. Wengine wanazitumia kwa kazi. Wengi wanazitumia kwa raha, na raha yenyewe ni mbio na kupanda pale ambapo mwenzako ameshindwa.

Mwezi wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti.

"Yaya, nikuulize kitu lakini usinicheke. Pale kazini kuna mapipa mawili ya mafuta ya ndege. Wateja wenye mashine kali ndio wanaitaka. Kazi ya kumimina ni yangu. Mwenzangu mmoja ameniambia ndani mle kuna risasi, na mtoto wetu ameanza kutambaa. Wewe unasomaga vitabu. Kumimina hii mafuta ni dhambi ao si dhambi?"

Nilikaa wiki tatu bila kumjibu. Niseme mapema kwa nini, ili msomaji ajue anayeandika ni nani. Ada ya shule ya binti yangu inatoka kwenye mikono ile ile inayomimina. Mtu anayekula kutoka kwenye pipa anaulizwa kama pipa ni halali. Hakimu wa namna hiyo hafai, lakini ndiye aliyeulizwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mafuta yenyewe, maana hapa kambini jina moja linabeba vitu vingi. Sisi tuliotoka Kongo tukisema petroli tunafikiria mafuta ya taa, na yale ya pikipiki tunayaita esansi. Hapa Uganda petroli ndiyo esansi yenyewe, na mimi nitasema hivyo hivyo.

Mafuta ya ndege nayo ni ya aina mbili. Ndege kubwa, na hata zile za kati zinazotua kwenye viwanja vya udongo lakini zina injini ya tabini, zinatumia Jet A-1. Hiyo ni ndugu wa mafuta ya taa, na ukiiweka kwenye pikipiki ya petroli utaiua. Ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 206, zinatumia kitu kingine kabisa: petroli ya kiwango cha juu inayoitwa avgas. Aina yake inayojulikana zaidi ni 100LL, na imetiwa rangi ya samawati ili rubani asikosee. Hiyo ndiyo iliyo kwenye mapipa ya Montana.

Sasa kwa nini mtu aiweke kwenye pikipiki ya theluji? Kila fundi wa bodaboda anajua injini inapogonga. Petroli inatakiwa kungoja zamu yake baada ya cheche ya plagi. Ukiibana sana ndani ya silinda inapata joto, sehemu yake inawaka yenyewe bila kungoja, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Okteni ni kipimo cha uvumilivu huo. Petroli ya kawaida kwenye vituo vya Marekani ina okteni 87, na ile ya bei ya juu ina 91 au zaidi. Pikipiki ya theluji kama ilivyotoka kiwandani inatosheka na hizo. Lakini kuna watu wanaochonga kichwa cha injini ili mgandamizo uongezeke, au wanafunga tabo ili mashine ipate pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi. Hapo petroli ya kituoni haivumilii. Injini inagonga, pistoni inatoboka, na mtu anabaki mlimani kwenye baridi. Avgas inavumilia.

Sababu nyingine ni utunzaji. Petroli nyingi ya kule imechanganywa na ethanoli, yaani pombe, na pombe inavuta maji. Ikikaa miezi kadhaa inachacha na kuacha utomvu kwenye njia za mafuta. Avgas haina ethanoli na imetengenezwa ili ikae. Ukiifunga vizuri kwenye chombo cha chuma, kivulini, inaweza kupita majira yote ya joto, na theluji ikianguka tena bado ni nzima. Mtu anayeendesha mashine miezi minne tu kwa mwaka lazima aipende.

Mdogo wangu alinieleza jinsi wanavyoyatunza. Pipa halijazwi hadi mdomoni, kwa sababu mafuta hupanuka kukiwa na joto. Kabla ya kumimina, pipa na chombo kinachopokea vinaunganishwa kwa waya ili cheche ya umeme tuli isiruke kati yao. Hakuna hita yenye moto inayoruhusiwa karibu, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka sakafuni na kutambaa hadi ukute moto. Nilipomsikia nikawaza wauzaji wetu wanaopanga petroli kwenye chupa za maji chini ya kitanda, na jiko la makaa liko mlangoni. Anayesoma hapa na ana chupa hizo, tafadhali azitoe nje leo.

Kisha akanieleza jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Okteni haiongezi nguvu. Inazuia kugonga, basi. Ukiiweka avgas kwenye injini ambayo haijachongwa hupati kitu, na wakati wa baridi kali inaweza hata kuwa ngumu kuwaka, kwa sababu haitoi mvuke haraka kama petroli ya majira ya baridi. Pia ni nyepesi kidogo, kwa hiyo injini inabidi irekebishwe upya. "Wengine wanaitaka kwa sababu ni ya ndege," alisema. "Jina tu, Yaya."

Sasa tuje kwenye risasi.

Lugha yetu ina neno moja kwa madini yale laini ya kijivu na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Niliposikia "risasi" na "mtoto" pamoja, mwili wangu ulielewa vingine kabla ya akili kufika. Sisi tulikimbia risasi. Mdogo wangu alivuka nchi na bahari, na sasa ameikuta ndani ya pipa, ina rangi nzuri, inauzwa kwa galoni.

Ilifikaje kwenye mafuta? Mwaka 1921 mhandisi wa Marekani aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha tetraethili ya risasi kinazuia injini kugonga. Dawa ilikuwa rahisi na ilileta faida kubwa. Oktoba 1924 wafanyakazi 5 walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta kule New Jersey, baada ya kuchanganyikiwa akili. Mwezi huo huo Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono yake kwa kitu kile kile na kukivuta puani, ili waone kwamba hakina shida. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameugua kwa risasi na kwenda kupumzika. Daktari Alice Hamilton, aliyekuwa amechunguza magonjwa ya viwandani kwa miaka mingi, alipinga mwaka 1925. Risasi ikaendelea. Ikaingia kwenye magari ya dunia nzima, ikatoka kwenye mabomba ya moshi, ikakaa kwenye udongo wa mitaa ambako watoto wanacheza.

Marekani ilimaliza kuipiga marufuku kwenye magari ya barabarani tarehe 1 Januari 1996. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwaka 2006 ulipoanza kazi ilikuwa imefanyika. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo bodaboda ya hapa Nakivale, na moshi wake wote na kelele zake, haina risasi katika petroli yake. Avgas ya kule Marekani bado inayo.

Lita moja ya 100LL inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi. Pikipiki ya theluji yenye tangi la lita 40 inaweza kubeba gramu 22 kwa safari. Nyingi ya risasi hiyo inatoka na moshi. Iliyobaki inagandia ndani ya injini, na nyingine inabaki kwenye vidole vya anayemimina. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inaumiza zaidi watoto wadogo: inapunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia, na kilichopotea hakirudi.

Ni nani basi aliyeruhusu? Sheria. Sheria ya Marekani iliyofunga mlango kwa magari iliuacha wazi kwa ndege, na pia kwa mashine zisizotembea barabarani na kwa magari ya mashindano. Bosi wa mdogo wangu si mhalifu. Ana risiti, ana mapipa ya chuma, ana kizima moto. Mbele ya polisi hana kosa. Kama swali lingekuwa la polisi, ningejibu siku ile ile.

Lakini mdogo wangu hakuuliza kama ni kosa. Aliuliza kama ni dhambi.

Nilianza kwa kutafuta sababu ya ruhusa yenyewe. Kwa nini ndege iliachiwa? Kwa sababu gari likigonga injini unaegesha pembeni, na rubani hana pembeni. Injini nyingi za ndege ndogo zilitengenezwa miaka mingi iliyopita zikitegemea mafuta hayo, na kuzinyima ghafla ni kuwaweka watu hatarini angani. Kule kwetu kuna milima ambayo barabara haifiki, na ndege ndogo ndiyo barabara. Inaleta chanjo, inachukua mama aliyeshindwa kujifungua. Mtu akiniambia kwamba ndege hiyo inamwaga risasi kidogo, nitahuzunika, lakini sitamwambia rubani ashuke.

Jirani yangu ni mwalimu wa madrasa. Mimi ni Mkristo, tunabishana sana, lakini siku hiyo alinisaidia. Alisema kwao kuna kanuni ya zamani ya wanasheria: dharura huhalalisha kilichokatazwa. Mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kula mzoga. Nikamwambia hata kwetu Daudi alikula mikate mitakatifu alipokuwa na njaa. Akasema ngoja, kanuni ina mwenzake: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye njaa anakula mzoga akaishi, hajazi gunia apeleke sokoni.

Hapo nikaona kamba ya kushika. Ruhusa ya risasi ilitolewa kwa dharura ya rubani. Mafuta yanaweza kuhamishwa kutoka uwanja wa ndege hadi gereji kwa gari la kubeba mizigo, yakiwa kwenye pipa lililofungwa vizuri. Ruhusa inaweza kuandikwa upya na sheria ili iwafuate. Lakini ile sababu, kwamba mtu yuko hewani na hana pa kusimama, haipandi kwenye gari lile. Inabaki kiwanjani. Kinachofika gereji ni sumu bila sababu yake.

Naona hilo ni kweli, lakini halikutosha. Mdogo wangu alirudisha majibu ya bosi wake, na mimi nayaheshimu kwa sababu ndiyo tunayoyasema sote.

Jibu la kwanza: "Ni kidogo." Ndege zinamwaga siku nzima juu ya vichwa vyetu, pipa langu ni tone baharini. Hesabu yake ni sahihi, lakini tukumbuke kwamba hata dawa ya Midgley ilikuwa tone. Hakuna gari hata moja lililotia dunia sumu. Kila gari lilikuwa na kidogo chake, na kila dereva angeweza kusema hivyo hivyo bila kudanganya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakiulizi haba ilikuwa ya nani. Madhara ya aina hii hayana mwenyewe, na ndiyo maana yanadumu.

Jibu la pili: "Injini yangu inahitaji." Hili lilinisumbua zaidi, maana ni kweli pia. Injini iliyochongwa ukiinyima avgas itavunjika. Lakini nani aliichonga? Rubani alikuta haja yake imeshakuwepo. Mwenye pikipiki aliitengeneza haja yake mwenyewe juu ya meza ya fundi, kwa pesa yake, na baadaye akaja kuionyesha kama mgonjwa anayeonyesha kidonda. Kuna haja tunazozikuta na haja tunazozifuga. Ya kufuga ikikua inalia kwa sauti ile ile ya njaa, na anayeisikia kwa mbali hawezi kutofautisha.

Lakini ngoja, hata pikipiki ya theluji inaweza kwenda kumtafuta mtu aliyefunikwa na maporomoko ya theluji. Kama siku hiyo mafuta yaliyopo ni avgas tu, mimina, usiniulize. Mashine haina laana, wala mafuta hayana laana. Ninachotafuta ni kama sababu imekuja pamoja navyo.

Jibu la tatu: "Usipomimina wewe atamimina mwingine." Hili ndilo mdogo wangu analiogopa, kwa sababu huyo mwingine atachukua pia mshahara. Na hili ndilo lililonizuia kuandika wiki tatu, kwa sababu niliwahi kulitumia.

Kabla ya kuja Nakivale niliishi kambi nyingine, na huko nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye kituo kidogo cha afya. Funguo za jenereta zilikuwa kwangu. Petroli iliwekwa kwenye jerikani, na kila wiki nilikuwa natoa lita mbili. Nilimuuzia mwenye banda la video, watu wakaangalia mpira. Nilijiambia ni kidogo. Nilijiambia mshahara wangu ni mdogo, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia mlinzi aliyenitangulia alikuwa anafanya hivyo hivyo, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Usiku mmoja jenereta ilizimika mkunga akiwa katikati ya kumshona mama aliyejifungua. Alimalizia kwa mwanga wa simu, simu ikiwa imeshikwa na bibi wa mtoto. Mama hakupata shida. Mtoto hakupata shida. Asubuhi mkunga aliandika kwenye daftari kwamba mafuta yaliisha, akaomba yaongezwe, na yakaongezwa. Hakuna aliyejua, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Leo sisemi hivyo. Kwamba mama yule alipona ni bahati yake na ustadi wa mkunga. Haikuwa kazi yangu hata kidogo. Mimi nilifanya kitendo kile kile ambacho kingeweza kumuua. Petroli ile ilikuwa na sababu yake ndani, yaani taa wakati wa kujifungua, na mimi niliibeba lita na kuiacha sababu.

Hapa nataka kuongea kidogo na wafanyakazi wa mashirika, maana najua mnasoma. Mnapokuta maharagwe ya posho yanauzwa sokoni mnaandika kwenye ripoti kwamba msaada umetumiwa vibaya. Mara nyingine mnatuwekea swali hilo kama la mwizi wa petroli. Naomba tutofautishe. Mama anayepewa mahindi bila pesa ya mashine ya kusagia anauza sehemu ili asage iliyobaki, anunue chumvi na sabuni. Msaada ulitolewa ili aishi kama mtu. Ameuza maharagwe, lakini sababu bado ameishika mkononi, na hakuna mwingine aliyenyimwa taa yake. Mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kosa, na yeye anayo kwenye ripoti, lakini kati yetu wawili aliyehamisha kitu bila sababu yake ni mimi. Ukiuliza tu "kilitumika kama ilivyoandikwa?" utamkamata yeye na kuniacha mimi. Ukiuliza "sababu iko wapi sasa, na nani anabeba madhara?" utatupanga sawasawa.

Maswali hayo mawili ndiyo niliyomtumia mdogo wangu. Kwenye gereji yake, sababu ilibaki kiwanjani. Na madhara hayabebwi na yule anayeruka na mashine mlimani dakika chache akifurahi. Yanabebwa na mikono ya fundi, na sakafu ambayo mtoto anatambaa, na kila anayekunywa maji ya theluji ikiyeyuka. Kwa hiyo nilimwambia: kwa mteja wa raha, naona ni kosa. Kosa la kwanza ni la anayetaka, la pili ni la anayeuza, na wewe uko wa tatu. Wa tatu pia yumo.

Nilimwambia na mambo ya vitendo, kwa sababu maneno matupu hayamkingi mtoto. Avae glavu zisizopitisha mafuta. Aache kabisa kunawa mikono kwa petroli, tabia ambayo sisi mafundi wa Afrika tumeizoea. Anawe kwa sabuni na maji. Nguo za kazi zisiingie nyumbani wala zisifuliwe pamoja na za mtoto. Amwombe daktari ampime mtoto risasi kwenye damu, kule kipimo kipo na si cha ajabu. Na amweleze bosi kwamba kuna petroli za mashindano za okteni ya juu zisizo na risasi, ingawa ni ghali, na kwamba fundi anaweza pia kurudisha mgandamizo chini na mashine ikapanda vizuri tu.

Halafu nikamwambia lile lililokuwa gumu kutoka: ukifukuzwa kwa ajili ya hili, usihesabu ada ya binti yangu kama mzigo wako. Nitaitafuta huku. Sikujua nitaitafuta wapi. Hadi leo sijui.

Alicheka kwenye simu. "Yaya, wewe unanipa dhambi na unanilipia tena."

Alizungumza na bosi. Bosi hakukasirika, alimpa boksi la glavu. Alisema mapipa mawili yamelipiwa na wateja wameshaahidiwa, atafikiria msimu ujao. Mtoto alipimwa, majibu yake yalikuwa mazuri. Mdogo wangu aliamua atamimina hadi theluji iishe mwezi wa nne. Baada ya hapo, pipa la tatu likiletwa, atatafuta kazi nyingine.

Nilikubali. Wengine mtasema ni udhaifu: kama ni kosa mwezi wa nne, ni kosa leo. Sina jibu safi. Nina hili tu: hata ruhusa ya rubani haikuwa na shida kwa sababu ilitolewa, shida ilikuwa kwamba haikupewa tarehe. Mwaka 2022 mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha petroli ya okteni 100 isiyo na risasi kwa injini za pistoni, na sasa lengo la kule ni kumaliza risasi ya ndege ifikapo mwisho wa 2030. Miaka mia na zaidi baada ya Midgley. Kitu kilichoruhusiwa "kwa muda" bila tarehe kinageuka kuwa mazoea, na mazoea yanajiita haja. Sisi wa kambini hatuhitaji kufundishwa maana ya "kwa muda".

Kwa hiyo tulipatana tarehe. Ada ya muhula huu ilifika Ijumaa iliyopita. Niliipokea, nikailipa, na binti yangu yuko darasani. Kwenye kalenda ya ukutani nimezungushia kalamu siku ya mwisho ya mwezi wa nne. Naijua tabia ya tarehe za namna hii, kwamba zinasogezwa, na naujua udhaifu wangu. Ndiyo sababu nimeiandika hapa, mtakapoweza kuniuliza.